Mashimo ya Uani Kabla ya Barabara

Kazi yangu ni kuchora mashimo. Watu wa mtaani kwetu Malindi, hapa mjini, wakiniuliza, huwa nawajibu kuwa nafanya kazi ya mambo ya kale, nao hufikiri ni majumba ya mawe, milango ya nakshi na makaburi ya wafalme. Sikuwahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba miaka yangu ya kazi nimeipitisha nimechutama penye ukingo wa shimo, ubao wa kuchorea magotini, nikipima udongo mwekundu unaishia wapi na mweusi unaanzia wapi.

Barabara inayotoka pande za Tunguu kwenda kusini ilipoamuliwa kupanuliwa, idara yetu ilipewa wiki tatu ipite mbele ya mkandarasi. Tulikuwa tushaitembea njia yote kwa miguu tukaokota vigae vya vyungu kwenye matuta ya mihogo. Pahala pamoja, tulipokwangua udongo wa juu, yakatokea mabaka meusi ya duara, kumi na mawili, mengine yamegusana. Kila baka ni shimo la zamani. Watu waliokaa pale mamia ya miaka nyuma walichimba, pengine kupata udongo wa kukandikia nyumba, kisha wakatupa humo taka zao: majivu, vyungu vilivyovunjika, miba ya samaki, maganda ya chaza. Shimo likichimbwa likafukiwa, udongo wake haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Hilo ndilo tegemeo la kazi yetu nzima.

Tulikuwa wachache. Mkuu wetu wa kazi, mtu mpole aliyekuwa akipokea simu kutwa. Mimi na ubao wangu. Vibarua wanne. Na fundi wetu wa kuchimba, mzee wa Makunduchi aliyeanza kazi hii kabla mimi sijaingia skuli. Fundi akigusa udongo kwa ncha ya mwiko hukwambia kama ni wa shimo au si wa shimo, na mara nyingi huwa kasema kweli.

Hatua chache kutoka kwenye mabaka yetu palikuwa na nyumba ya bati, ukutani imetiwa alama nyekundu ya kubomolewa. Humo alikuwa akikaa mama mmoja peke yake, umri wake kama miaka sitini. Mumewe alikwisha kufa, na mwanawe wa pekee alikuwa na familia yake Mwanakwerekwe, ndiko mama huyo alikokuwa akingojea kuhamia. Siku ya kwanza nilipiga hodi kuomba pa kuweka vifaa. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba, akatuonyesha kibanda chake cha kuku ambacho hakikuwa tena na kuku. Tangu siku hiyo alituletea maji ya kunywa kila asubuhi, kwenye jagi lililofunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

Hakuwa mtu wa maswali. Alikuwa akija adhuhuri, anasimama nyuma ya kamba, mikono kaificha ndani ya kanga, anaangalia. Siku ya tano ndipo aliponiuliza. Alitaka kujua tunajuaje kuwa pale palichimbwa na pale hapakuchimbwa, ilhali pote ni udongo.

Nilifurahi kuulizwa. Wapita njia wengi hutuuliza kama tumepata dhahabu. Nilimwita ndani ya kamba, nikamwonyesha ukuta wa shimo namba tatu, jinsi mstari ule unavyoteremka kama ubavu wa bakuli. Nikamwambia udongo hausahau. Ukitiwa jembe hata mara moja, utabaki na alama, tena hata ikipita miaka mia tano. Nilisema kwa fahari, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi msikivu. Akainama, akaupitisha mkono juu ya ule mstari bila kuugusa.

"Hata shimo likiwa dogo?" aliuliza.

"Hata likiwa dogo, mama."

Sijapata kujutia jibu kama nilivyolijutia hilo.

Kesho yake alinikuta kibandani nachukua ndoo. Akafunga mlango nyuma yake, akaniambia ana haja. Alinihadithia taratibu, amesimama. Alipoolewa akaletwa nyumba ile alikuwa msichana. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwa miezi minne, au hivyo ndivyo mama mkwe wake alivyokisia. Ilikuwa mchana. Yeye kalazwa ndani, hawezi kunyanyuka. Mama mkwe alikichukua kile kitoto, akakikunja katika kipande cha bafta nyeupe, akatoka nacho uani. Yeye, kitandani, alisikia jembe likipiga. Alihesabu, akaniambia, lilipiga mara tisa. Baadaye aliambiwa amezikwa baina ya mdimu na jiko, basi, na asiulize tena, maana kuulizauliza kunazuia kizazi. Hakuuliza. Mumewe naye hakulitaja jambo hilo mpaka alipokufa. Alikuja kumpata huyu mwanawe baada ya miaka saba.

"Siku zote nlikuwa naye hapa," alisema. "Nkifagia ua, nnafagia kwake. Sasa nnaondoka, na juu yake yatapita magari. Nnataka nimpeleke makaburini kwa wenziwe. Wewe umenambia udongo hausahau."

Nilimwomba anionyeshe pahala. Tukatoka uani, na hapo ndipo nilipoanza kuona ugumu wake. Jiko la zamani lilikwisha kubomoka, jipya likajengwa upande mwengine. Mdimu ulikatwa miezi miwili nyuma na watu waliokuja kusafisha njia, na kisiki wakaking'oa kwa mnyororo wa gari. Palipokuwa na kisiki palisawazishwa. Mama huyo alisimama katikati ya ua wake mwenyewe, alioufagia zaidi ya miaka arubaini, akanyoosha mkono kuelekea pahala, kisha akaurudisha, akaunyoosha pengine.

Nilikwenda kwa mkuu wetu siku hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, simu yake ikilia bila kuipokea. Kisha akaniambia tulichoruhusiwa kuchimba ni eneo la mabaka tu, na ua ule umo ndani ya barabara lakini haumo ndani ya eneo letu. Makaburi yana utaratibu wake. Yameandikishwa kwa sheha wa kijiji, yamehamishwa mwezi uliopita, na imamu akasoma dua. Kwa nini mama huyu hakuandikisha?

Nilimrudishia mama swali lile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mvua. Kitu kisichokuwa na jina wala kaburi, akaniuliza, aende akakiandikishe vipi, mbele ya wanaume, barazani?

Hata hivyo tulikwenda. Nilimsindikiza kwa sheha siku ya pili, tukakaa kwenye mkeka, nikasema mimi kwa niaba yake kwa sababu yeye alikuwa akiangalia vidole vyake. Sheha alikuwa mtu mzima mwenye huruma. Alisema orodha ilikwisha pelekwa, lakini hilo si kubwa, angeweza kuandika barua. Shida ni kwamba kaburi linataka pahala na linataka shahidi. Shahidi yuko wapi? Mama mkwe kafa. Pahala ni wapi? Mkewe alituletea chai ya mchaichai, tukanywa, tukaaga.

Mhandisi wa mkandarasi naye hakuwa mtu mbaya. Nilimkuta kwenye kontena lao na ramani zake. Aliniambia nimwekee vigingi vinne na utepe pale kaburi lilipo, naye atapaacha pale mpaka siku ya mwisho kabisa. "Nionyeshe tu wapi," alisema. Kila niliyemwendea alinifungulia mlango, na kila mlango ukanirudisha palepale uani.

Nikamwambia fundi. Jioni hiyo, wengine walipokwisha panda gari, yeye alibaki, akachukua jembe la kukwangulia akaingia uani, nami nikafuata. Tukafanya hivyo jioni nne, saa moja na zaidi kila siku, mpaka magharibi ikiadhiniwa. Tuliukwangua ua kidogo kidogo, unene wa kidole, kutoka penye jiko la zamani kuja upande wa mdimu. Mama alitutilia maji kwa kopo ili udongo ulowe na rangi zionekane.

Zilionekana. Lilikuwa tatizo hilo. Nilikuwa nimemfundisha kwamba alama ya jembe haifutiki, nikasahau kumwambia kwamba ua wa nyumba iliyokaliwa ni alama tupu. Tulipata baka baada ya baka. Hapa palikuwa na nguzo ya uzio. Hapa kuku walikuwa wakioga vumbi. Hapa palitupwa majivu. Hapa palipandwa mpapai ukafa. Mizizi ya mdimu ilikuwa imepita kila upande, na kila mzizi uliooza umeacha utepe wake mweusi. Fundi aligusa kila baka kwa mwiko wake, na kila mara alitikisa kichwa, au aliinua mabega, na huko kuinua mabega ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Tulichekecha udongo kwa chekeche yenye matundu madogo kuliko zote tulizokuwa nazo. Nilijua tunachokitafuta. Mifupa ya umri ule ni kama vijiti vya kiberiti, tena vya kiberiti kilicholowa, na imepita mvua ya miaka arubaini. Nilijua, na sikumwambia. Nilikuwa nikingoja afahamu mwenyewe, nisiwe mimi wa kusema.

Jioni ya nne, karibu na palipokuwa na kisiki, fundi alisimama. Mwiko wake ulikuwa umeingia kwa ulaini. Lilikuwepo baka la duara, safi, na kingo zake zimekaa sawa. Mama aliona nyuso zetu, akapiga magoti. Tukachimba kwa mikono. Shubiri moja, mbili. Kisha fundi akatoa kigae cheusi chenye michoro ya pembe pembe shingoni, na chini yake kingine, na chini yake shanga ya rangi ya matofali. Lilikuwa shimo la kale. La kumi na tatu.

Mkuu wetu alifurahi mno asubuhi. Ikawa shimo lile ni zuri kuliko yote kumi na mawili. Kilikuwemo chungu karibu kizima, kimelala ubavu. Ruhusa ya kuchimba uani, ambayo haikupatikana wiki nzima, ilipatikana kwa simu moja. Wakaletwa wanafunzi wa chuo cha pale Tunguu waangalie, wakapiga picha, wakaandika. Nilikaa ukingoni nikachora kila kigae kilivyolala. Tulikisafisha kile chungu kwa brashi ya rangi na vijiti vya mianzi ili kisikwaruzike. Mimi mwenyewe nilikifunga kwa pamba na karatasi laini, nikakilaza ndani ya kisanduku.

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake. Jagi la maji halikuja siku hiyo hata saa tano. Lilipokuja, alilileta mwenyewe, akaliweka chini karibu nami, akakiangalia chungu ndani ya pamba zake.

"Hawa wenu mnawapata," alisema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeona jambo akalitaja.

Halafu ikanyesha. Mvua ilipiga siku mbili mfululizo, mashimo yakajaa maji mekundu, kuta zikaanguka, michoro yangu miwili ikawa ya vitu ambavyo havipo tena. Siku ya tatu, tulipofika na pampu, tuliikuta katapila ishateremshwa kando ya njia, siku mbili kabla ya ahadi. Mhandisi alisema mvua imemchelewesha kwengine, kwa hiyo anaanzia huku. Alisikitika. Mkuu wetu alipiga simu, akapigiwa, akapiga tena. Mwisho akatuambia tukusanye vifaa, ua utaanza kuondolewa adhuhuri.

Mwanawe mama alikuwa tayari kaja na gari ya kubeba mizigo. Bati zilikwisha ezuliwa. Nyumba bila paa ilionekana ndogo sana, mvua imeingia mpaka chumba cha ndani, na niliweza kuona kitanda cha kamba kilipokuwa kikikaa, kwa alama ya miguu yake minne sakafuni. Mama alinijia ameshika kitambaa cheupe kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Alisema anaomba tumtolee udongo. Kama si yeye, basi udongo wake. Ataupeleka makaburini, atauzika kama mtu.

Mimi na fundi tuliingia uani kwa mara ya mwisho. Tulichagua baka moja lililokuwa baina ya palipokuwa na mdimu na palipokuwa na jiko, lile lililomfanya fundi ainue mabega kuliko mengine yote. Nilitoa udongo kwa mikono miwili nikautia ndani ya kitambaa. Ulikuwa umelowa, mweusi, una nyuzi za mizizi. Mama aliupokea akauchukua kifuani. Akasimama nao. Mwanawe alikuwa akimwita kutoka garini.

"Nyinyi mnaujua udongo," alinambia. "Nambie kweli. Huu wake au si wake?"

Fundi aligeuka akaangalia upande wa katapila. Nilijua anataka niseme nini. Yeye angesema ndiyo, aliniambia baadaye, tena angeapa, na Mungu angemsamehe. Nilifungua mdomo kwa nia hiyohiyo. Lakini alikuwa akinitazama usoni kama alivyoutazama ule mstari wa shimo namba tatu, siku ile aliponiamini.

"Sijui, mama," nilisema.

Alitikisa kichwa kidogo, kama aliyelitarajia. Alifungua kitambaa, akauangalia ule udongo, akauchambua kwa kidole kimoja.

"Basi urudishe ulipokuwa," alisema. "Nisije nkazika mti."

Nilikirudisha kila kidonge mahala pake, nikashindilia kwa viganja. Yeye alikikung'uta kitambaa, akakikunja kwa mikunjo yake ya dukani, akaingia garini kwa mwanawe. Alitoa mkono dirishani kutuaga sote, pamoja na dereva wa katapila.

Dereva yule alikuwa kijana wa bara, Mkristo, na fundi alikuwa amemweleza. Alivua kofia. Alishusha kijiko taratibu kuliko nilivyodhani mashine ile inaweza, akawa anakwangua udongo matabaka matabaka, na kila alipokijaza aliumwaga chini polepole mbele yetu, sisi tukainama kuangalia. Tulifanya hivyo kama nusu saa. Udongo mwekundu, udongo mweusi, mizizi, kipande cha sufuria, mizizi. Kisha mhandisi akaja kusimama nyuma yetu, akaangalia saa yake. Tukasogea pembeni. Kufika alasiri ua wote ulikuwa umepakiwa kwenye malori, na nilipomuuliza dereva wa lori unapelekwa wapi aliniambia unakwenda kujazia bondeni, kule mbele, hajui hasa.

Ripoti niliiandika mimi, ofisini kwetu mjini, kwenye chumba chenye feni ambayo haizunguki. Mashimo kumi na matatu, kila moja na kina chake, upana wake na vilivyomo. Mwisho wa sura ya uani nilitia sentensi mbili: kwamba mwenye nyumba alieleza kuwa pana maziko ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na kwamba tulitafuta hatukuona. Mkuu wetu alizipiga mstari. Alinieleza kwa upole kuwa ripoti ni ya vilivyopatikana. Nilibisha kidogo, si sana. Chungu kimo kwenye ghala letu, rafu ya tatu, kina namba.

Nilikutana na mama mwaka uliofuata, sokoni Mwanakwerekwe. Nilikuwa nachagua nyanya nikaona mtu kanishika kiwiko. Alikuwa amenenepa kidogo. Nikampa shikamoo, akaniuliza hali, kazi, fundi hajambo, na kama nina watoto. Nikasema wawili. Akasema Mungu anikuzie. Nilikuwa nimesimama hapo nangojea alitaje lile jambo, nimejikaza mwili mzima kama mtu anayengoja sindano. Alilitaja mwisho, kama mtu anayeuliza bei.

Alisema barabara ilipokwisha mwanawe alimpeleka shamba kuzuru jamaa, na walipopita hakupajua kwake. Kote sawa, lami tupu, na miti yote haipo. Aliangalia mpaka shingo ikamuuma. Kwa vile mimi nilikuwa na vipimo, ningeweza kumwambia ni wapi, apate kumsomea anapopita?

Vipimo vya mashimo yote kumi na matatu nilikuwa navyo. Nilikwenda ofisini, nikakaa na michoro yangu na ramani ya barabara mpya, nikaweza kuupata ua, lakini ua mzima, mwanzo wake na mwisho wake. Ndani yake sikuwa na alama yoyote, kwa sababu mdimu haukuwahi kupimwa na mtu. Nikampigia simu kwa namba ya mwanawe. Nikamwambia akitoka mjini, akishavuka kalvati ya pili baada ya skuli, ndipo ua unapoanza, na unaishia penye tuta la kupunguzia mwendo. Zaidi ya hapo sijui.

Alirudia maneno yangu polepole ili ayahifadhi.

"Haya," alisema. "Ntasoma tokea kalvati mpaka tuta."

Mwezi huo tulitumwa kusini kwa kazi nyengine, tumo ndani ya gari ya ofisi, mimi nimekaa dirishani. Tulipovuka kalvati ya pili nikaanza kusoma Alhamdu kimoyomoyo. Lami ni mpya, dereva wetu anapenda kwenda mbio. Sikufika nusu, tushaliruka tuta.